Mtoto wa Pwani asingoje kufeli ndipo ashike msumeno

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, CBC, waliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari mwaka huu wa 2026. Ni kundi kubwa. Zaidi ya milioni 1.1 walifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa mwaka jana, na kwa mara ya kwanza tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, mtoto wa miaka 15 anaulizwa rasmi anataka kuelekea wapi. Anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Serikali inatarajia asilimia 60 wafuate STEM. Ndani ya STEM kuna tawi la masomo ya kiufundi ambalo halizungumzwi sana: ujenzi, umeme, ufundi wa vyuma, useremala, mitambo ya injini, masuala ya ndege, teknolojia ya habari na utangazaji, na teknolojia ya bahari na uvuvi.

Hilo la mwisho nililisoma mara mbili. Kwa miaka mingi mtoto wa Faza, Ngomeni au Vanga amefundishwa darasani jinsi kahawa inavyochumwa Kiambu na majani chai Kericho. Bahari iliyo hatua chache kutoka dirishani mwake ameifundishwa na baba na wajomba, na hakuna mtihani uliowahi kumpa hata alama moja kwa kujua majira ya maji au kwa kuweza kuziba boti inayovuja. Sasa somo liko kwenye orodha ya serikali, lina silabasi na litatahiniwa. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo.

Furaha ilipungua nilipoanza kuulizia linafundishwa wapi. Binti yangu yuko Gredi ya 9, na mwaka huu yeye na wenzake watachagua mkondo na shule, kwa hivyo swali hili kwangu si la gazetini tu. Shule ya kutwa iliyo karibu nasi hapa Kilifi ina madarasa, ina maabara moja yenye mifereji miwili inayotoa maji siku ikipenda, na ina walimu wanaojituma. Karakana haina. Mwalimu mmoja alinieleza bila kuzunguka kwamba STEM yao itakuwa fizikia, kemia na baiolojia, kwa sababu ndiyo masomo ambayo tayari wana walimu wake. Umeme, vyuma na mbao wamewaachia wenye vifaa. Somo la bahari hata hawajaliota.

Wenye vifaa, kwa sehemu kubwa, ni shule kubwa za bweni. Katika shule ya kitaifa mzazi hulipa zaidi ya shilingi 50,000 kwa mwaka, mbali na godoro, sanduku na nauli. Mtoto wa kutwa anategemea shilingi 22,244 ambazo serikali imeahidi kumtolea kila mwaka, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya shule anajua fedha hizo hufika lini na zikiwa zimepungua kiasi gani. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu anunue mashine ya kukereza chuma?

Mtaala wenyewe sina ugomvi nao. Ninachohofia ni kwamba mlango wa ufundi umefunguliwa upande wa wenye nacho, na mtoto wa shule ya kutwa ya Ganze, Kinango au Garsen ataufikia ufundi kwa njia ile ile ya zamani, ambayo ni kufeli kwanza.

Njia hiyo tunaijua. Katika KCSE ya mwaka 2024 watahiniwa walikuwa 962,512, na waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Ni robo hivi. Wale wengine hupangwa kwa ngazi za kuteremka: mwenye C- anaweza kusomea diploma, mwenye D anasomea cheti, na aliye chini ya hapo huwekwa kwenye kozi za fundi wa ngazi ya kwanza. Tazama mpangilio huo unavyomweleza kijana. Kuchomelea vyuma, kutengeneza friji, kujenga nyumba, kazi ambazo kosa lake linaweza kumuua mtu, zimewekwa mahali unapoangukia ukikosa pa kwenda. Halafu tunashangaa mzazi akisema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe "ameenda polytechnic".

Mzazi huyo husemwa sana. Kila afisa wa elimu anayesimama jukwaani humlaumu kwa kudharau ufundi, kwa kupenda ofisi na tai. Mimi simlaumu. Amesoma vizuri kile serikali yenyewe imekuwa ikiandika kwa miaka 40. Ukitaka aache kuuona ufundi kama adhabu, usimpeleke mwanawe huko kama adhabu.

Na Mombasa ina historia yake katika jambo hili, ambayo vijana wengi hawaijui. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Waislamu, wazee wakiiita MIOME. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora walichanga fedha ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate mahali pa kujifunza ufundi. Kilikuwa chuo cha mikono, na mzazi aliyempeleka mwanawe huko alijivuna. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya kiufundi, mwaka 1972 kikawa polytechnic, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Nairobi nako ilikuwa hivyo hivyo. Kila hatua ilipigiwa vigelegele kama kupanda daraja. Lakini kila kilipopanda, ngazi ya chini ilibaki wazi, na yule kijana wa kidato cha nne ambaye chuo kilijengwa kwa ajili yake akawa hana alama za kuingilia. Si kwamba TUM ilikosea kukua. Ni kwamba hakuna aliyejaza nafasi iliyoachwa.

8-4-4 yenyewe ilikuja na ahadi ya ufundi. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilitaka shule ziwatoe watoto wanaoweza kujitegemea, na wazazi wakaambiwa wajenge karakana kwa harambee. Walijenga. Waliosoma miaka ile wanakumbuka kupeleka shuleni vijiko vya mti, vikapu vya ukili na fulana zilizoshonwa na shangazi usiku kucha ili mtoto apate alama. Walimu hawakuwa wamefundishwa, vifaa havikuletwa, na kufikia mapema miaka ya 2000 masomo yale yalikuwa yameondolewa kwenye mtihani wa KCPE. Karakana nyingi ziligeuka stoo za madawati mabovu. Nikisikia leo mtoto wa Gredi ya 9 ametumiwa na mwalimu kuleta mradi, na mradi umetengenezwa na fundi wa mtaani kwa shilingi 500, nasikia harufu ya miaka ile.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wapangaji wa Nairobi hawalioni, na ambalo sisi tunaliona kila siku mpaka tumeacha kulitazama. Watoto wetu wa sekondari tayari wanafanya kazi.

Nenda kwenye matimbo ya mawe siku ya Jumamosi. Utawakuta wavulana wa kidato wakikata na kupakia matofali ya matumbawe, na baadhi yao utawakuta hata Jumatano, na hapo ndipo shule huandika "mtoro". Kuna anayepanda minazi kuangua nazi na kulipwa kwa mti. Kuna anayeendesha bodaboda ya kaka yake jioni bila leseni. Kuna anayeingia baharini na mjomba usiku, na saa mbili asubuhi analala juu ya dawati la hisabati. Wasichana wako jikoni kwa mama karanga, wakipaa samaki, wakipima mafuta, wakijua bei ya tafi na changu ilivyopanda tangu jana kuliko afisa yeyote wa uvuvi. Huyo msichana anahesabu faida na hasara kichwani kabla mwalimu wa biashara hajaandika kichwa cha somo.

Uzoefu wa kazi upo, basi. Kinachokosekana ni mambo mengine. Kazi hizo hazina ulinzi, hazina mwalimu, hazina daftari linalorekodi kijana alijifunza nini, na haziongozi popote. Kijana anakata mawe miaka mitatu na mwisho wake anajua kukata mawe yale yale kwa kasi zaidi, akiwa na mgongo wa mzee. Hakuna aliyemfundisha kusoma ramani ya nyumba inayojengwa kwa mawe hayo. Shule inamwadhibu kwa kukosa masomo, timbo linamlipa kidogo kwa kuwa ni mtoto, na hakuna kati ya hizo mbili inayoongea na mwenzake.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mtoto wa chini ya miaka 13 asiajiriwe kabisa, na wa miaka 13 hadi 16 anaweza kufanya kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Ni sheria nzuri, na timbo haliwezi kupita mtihani wake. Lakini sheria ya kukataza peke yake haiweki unga mezani. Kijana akifukuzwa timboni bila kupewa pengine pa kujifunza kazi, atarudi kesho kwa njia ya nyuma.

Na pa kujifunza papo, na si mbali. Kila kaunti ya Pwani ina vyuo vya mafunzo ya ufundi, vile tulivyoviita zamani polytechnic za vijiji. Wazo lake lilitoka katika Baraza la Makanisa miaka ya 1960, walipoona watoto wanamaliza shule ya msingi na kukaa bure. Leo vingine vina mashine nzuri zilizofungwa kwa kufuli kwa kukosa mkufunzi. Vingine vina wakufunzi wazuri na wanafunzi wanane. Nimepita kimoja mchana wa Alhamisi nikakuta mabenchi ya seremala yenye jiliwa zake, randa zimepangwa ukutani, na mtu mmoja tu ndani, akirekebisha kiti cha ofisi ya chifu. Shule ya sekondari isiyo na karakana iko ng'ambo ya barabara. Kengele yake niliisikia nikiwa nimesimama pale mlangoni.

Kwa nini watoto wale hawavuki barabara? Kwa sababu ya Katiba, au tuseme kwa sababu ya jinsi tunavyoisoma. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliipa kaunti elimu ya chekechea na polytechnic za vijiji. Sekondari ikabaki kwa serikali ya kitaifa. Mwalimu wa sekondari ameajiriwa na TSC, mkufunzi ameajiriwa na kaunti, na jembe la mmoja haliingii shamba la mwingine bila barua. Mapema mwaka 2025 tuliona mgogoro wa basari, Msimamizi wa Bajeti alipozitaka kaunti ziache kulipia wanafunzi wa sekondari mpaka kuwe na makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa. Magavana wakakimbilia mahakamani. Wazazi tukajifunza kwa uchungu kwamba ukuta huu si wa karatasi.

Ila Katiba hiyo hiyo, katika vifungu vya 187 na 189, inaruhusu ngazi mbili za serikali kukubaliana, kushirikiana, hata kukabidhiana majukumu. Ukuta una mlango. Makubaliano yaliyotafutwa kwa haraka kuokoa basari yanaweza kutafutwa vile vile kwa karakana, na naamini ni rahisi zaidi, kwa sababu hapa hakuna fedha zinazohama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Kinachohama ni watoto, kwa miguu, dakika tano.

Ninachopendekeza si kikubwa. Wanafunzi wa Gredi ya 10 wa shule ya kutwa waliochagua somo la kiufundi wapelekwe karakana ya kaunti alasiri mbili kwa wiki. Nadharia waifanye shuleni kwa mwalimu wa fizikia, ambaye kweli anaweza kuifundisha. Vitendo wafundishwe na mkufunzi wa kaunti. Mtaala tayari una somo la lazima la kujifunza kupitia huduma kwa jamii, ambalo shule nyingi bado zinajiuliza zilifanye vipi zaidi ya kuokota takataka ufuoni. Basi wakarabati madawati ya chekechea, ambayo ni ya kaunti, na kaunti itapata faida yake hapo hapo. Na kila mmoja awe na daftari la kazi linalotiwa sahihi na mkufunzi: siku hii alipanda waya wa swichi mbili, siku hii alikosea kipimo akarudia.

Halafu kuna mafundi wenyewe. Huku kwetu fundi wa boti, fundi wa AC za hoteli, fundi wa malori wa Changamwe na Miritini, wengi hawana cheti hata cha darasa la nane, na bado meneja wa hoteli humpigia simu yeye usiku chumba cha baridi kinapozima. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ina kituo chake Mombasa na hutoa mtihani wa ufundi kuanzia Gredi ya III hadi ya I, ambao fundi hupimwa kwa mikono yake. Siku hizi pia kuna sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Ni mambo mazuri ambayo mafundi wachache mno wanayajua. Fundi akishapimwa na kupewa cheti chake, alipwe kwa saa kuja kufundisha. Nasema alipwe. Tuna tabia ya kumwita fundi shuleni kama mgeni wa heshima, tukampa soda, na kumshukuru kwa "kujitolea". Mwalimu wa kemia hatumpi soda.

Juu ya wakati wa kuwapeleka vijana kazini penyewe, nina neno moja ambalo halitatoka katika kalenda ya wizara. Likizo ya Agosti huangukia katika msimu wa kusi. Bahari imechafuka, wavuvi wengi wenye vyombo vidogo hawatoki nje ya mwamba, na huo ndio wakati vyombo huvutwa pwani vikakalafatiwa, mbao zilizooza zikatolewa, injini zikafunguliwa. Matondoni, Kizingitini, Mtwapa, Gazi, Shimoni, kazi ya ufukweni huwa nyingi kuliko mikono. Wiki tatu za Agosti chini ya fundi wa vyombo zinamfundisha kijana useremala, hesabu za pembe, na injini, vyote kwa pamoja, na kwa ada ambayo hata shule maskini inaimudu. Desemba, kwa upande mwingine, hoteli zimejaa. Ni wakati mzuri wa kumtuma mwanafunzi jikoni au kwenye kitengo cha matengenezo, na ni wakati mbaya wa kutarajia mtu amfundishe, kwa sababu kila mtu anakimbia. Huko afadhali Aprili ama Mei, watalii wakiwa wachache na vyumba vikipakwa rangi.

Najua pingamizi kubwa, na si la kupuuza. Watu watasema tunawapa waajiri vibarua vya bure vyenye sare ya shule. Nimewaona wanafunzi wa vyuo wakipelekwa mafunzo ya kazini miezi mitatu, kazi yao ikawa kuchemsha chai na kutoa nakala za karatasi, na mwisho wakapewa barua iliyopigwa muhuri. Ikiwa hao ni watu wazima, wa miaka 15 atakuwa na hali gani? Ndiyo maana sitaki tuanze na makampuni. Tuanze na karakana ya umma, penye mkufunzi ambaye kazi yake ni kufundisha, kisha Gredi ya 11 na 12 kijana aende kwa fundi au kampuni kwa muda mfupi, daftari lake mkononi, na mkufunzi akimtembelea. Bima ya ajali ilipwe kabla hajagusa mashine. Nauli na chakula cha mchana viwe vya nani, hilo liandikwe, kwa sababu hapo ndipo mipango yetu mizuri hufia. Mtoto wa Bamba hatatembea kilomita 10 kwenda kujifunza umeme akiwa na njaa.

Waajiri nao si kwamba hawachangii kitu. Kila mwajiri anatakiwa kulipa ushuru wa mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, unaosimamiwa na NITA. Hesabu wafanyakazi wa bandari, wa hoteli, wa viwanda vya saruji na wa chumvi hapa Pwani. Ni halali kuuliza ni kiasi gani cha fedha hizo kinarudi kwa kijana wa hapa kabla hajaajiriwa, badala ya kusubiri mpaka awe na kazi.

Lipo pia swali la haraka yetu na ya miradi. Kampuni ya Base Titanium iliingia katika uchimbaji kule Kwale mwaka 2013, na ilimaliza kuchimba Desemba 2024. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2013 alifanya KCSE yake mwishoni mwa 2024. Yaani mgodi mzima ulikuja, ukafanya kazi, ukafungwa, na yeye bado yuko shuleni. Baadhi ya vijana wa Kwale walifundishwa ufundi mle mgodini, na hao leo wana kitu cha kwenda nacho kwingine. Wengi zaidi waliuona mgodi kupitia uzio. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilifunguliwa mwaka 2021, na eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu linajengwa. Kila mara mradi ukija husikika malalamiko kwamba kazi zimechukuliwa na watu wa bara. Malalamiko yana ukweli ndani yake, nami nimeyatoa mara nyingi. Lakini mwenye mradi anataka mtu anayejua kuchomelea bomba leo asubuhi, na mtu huyo hatengenezwi kwa maandamano ya wiki moja. Anaanza kutengenezwa akiwa Gredi ya 10.

Na anaweza kuwa msichana. Kwenye vyuo vya kaunti wasichana bado wanasukumwa kwenye cherehani na saluni kana kwamba wamezaliwa na mkasi. Sina neno na ushonaji, umesomesha watoto wengi. Lakini nani anamjua samaki kuliko binti wa mama karanga? Mama yake hupoteza mali kila wiki kwa kukosa barafu. Binti huyo akijifunza mitambo ya baridi, anaweza kutengeneza friji la sokoni, la dukani na la hotelini, na hatakosa mteja ukanda huu wenye joto. Binti yangu mwenyewe ananiambia anataka umeme. Mama yake anataka baiolojia. Tunabishana kwa upole kila jioni, na wakati huo huo hakuna kati yetu anayejua kama shule atakayopangiwa itakuwa na hata tester moja.

Kwa hivyo nina jambo la kufanya mwaka huu, na naomba tulifanye wengi. Serikali ya kaunti inatakiwa kufikisha makadirio ya bajeti mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla hayajapitishwa mwishoni mwa Juni wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo huwa na viti vitupu vingi na maombi mengi ya barabara. Katika wadi yetu nitasimama niulize karakana ile ya kaunti hufunguliwa siku ngapi kwa wiki, ina mkufunzi wa nini, ilitengewa pesa ngapi za vifaa mwaka uliopita, na kama kuna barua yoyote kati ya kaunti na wizara inayowaruhusu watoto wa shule ya jirani kuingia. Mwalimu mkuu wetu amekubali tufuatane. Wasomaji wa Kwale, Mombasa, Tana River, Lamu na Taita Taveta, mkiuliza kwenu, niandikieni mlichojibiwa.